Wagoni zilizolala Kalemie

Anayefika Kalemie kwa boti kutoka Moba huona kwanza mlima wenye nyumba za zamani za Wabeleji, kisha bandari, kisha reli. Wengi hawaiangalii reli. Sisi wamama sita tulikuwa tumekuja kwa mkutano wa siku mbili. Mchana wa siku ya pili kazi ilikwisha mapema, tukasema twende tutembee kidogo, tuone mji.

Tulipita gare, tukafuata reli kuelekea upande wa Lukuga, mto ule unaotoka ziwani na kwenda kuingia Lualaba. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Ndani yake tukaona kitu chekundu, tukadhani ni nyumba. Kumbe ni wagoni. Tukaanza kuhesabu, tukafika kumi na moja, zimefuatana kwenye reli ya pembeni kama watu waliopanga mstari wakangoja, kisha wakasahauliwa.

Chuma chake kimeliwa na kutu. Mbao za chini hazipo tena, na hatukuhitaji kuuliza zilikwenda wapi, maana bei ya makala mjini tunaijua. Magurudumu yamebaki kwa sababu hakuna mtu wa kuyabeba. Katika wagoni moja umeota mti, matawi yake yametokea mlangoni. Katika nyingine mbuzi alikuwa amelala na watoto wake wawili. Juu ya ile isiyo na kuta, mtu alikuwa ameanika muhogo. Na juu ya paa za zile zilizofungwa, watoto walikuwa wakikimbia na kuruka toka moja mpaka nyingine.

Reli hii si ya jana. Kipande cha Kabalo hadi Kalemie, wakati ule Albertville, kina kilometa 273, na kilifika ziwani mwaka 1915. Mwaka huohuo kilileta boti mbili za vita za Waingereza ambazo jina lao litawachekesha: moja iliitwa Mimi, nyingine Toutou. Zilitoka Uingereza, zikavutwa porini, zikashuka Lualaba, na mwisho zikapandishwa treni Kabalo ili zipigane na Wajerumani hapa Tanganyika. Ng'ambo, reli ya Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1956 Kabalo iliunganishwa na Kamina, na tangu hapo mzigo wa Kalemie uliweza kufika Lubumbashi bila kushuka kwenye treni.

Lakini wagoni ya Kigoma haiwezi kutembea kwenye reli yetu. Yao ina upana wa meta 1, yetu milimita 1067. Tofauti ni kama vidole vinne tu. Kwa vidole hivyo vinne, kila gunia linalovuka ziwa lazima litolewe kwenye wagoni upande mmoja, liingie melini, kisha lipakiwe tena upande wa pili, na kila mkono unaoligusa unataka kulipwa.

Wagoni haifi siku moja. Inakosa breki au kifaa cha gurudumu, inasukumwa pembeni ingoje. Wakati inangoja, wanatoa kifaa chake kingine ili kitengeneze mwenzake. Kesho kingine tena. Vita vya 1998 vilipokata njia, nyingi hazikupata hata mtu wa kuzikumbuka.

Ubavuni mwa ile yenye mbuzi tulisoma, chini ya kutu, kwamba inabeba kilo 40 000. Tukapiga hesabu palepale: gunia 400 za kilo mia. Kijana wa kinga anasukuma gunia mbili, tatu akijikaza sana. Mama wa Nyunzu mwenye mahindi anaijua hesabu hiyo kuliko sisi. Treni ikipita, anauza. Isipopita, mahindi yanamngoja nyumbani pamoja na wadudu. Na huku ziwani, ndagala iliyokaushwa vizuri inashuka bei kwa sababu haina njia ya kwenda Kabalo.

Kilichotuhangaisha zaidi ni wale watoto. Chuma chenye kutu kinakata, na kidonda kilichoingia uchafu kinaweza kuleta pepopunda. Mkioshe kwa maji safi na sabuni, kisha mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya hata kama kidonda ni kidogo, na muulize kuhusu chanjo. Mlango mzito ukijifunga, mtoto aliye ndani hasikiki, na jua la saa saba linageuza wagoni kuwa tanuri. Mbili kati ya zile tulizoziona zimezuiwa na jiwe tu chini ya gurudumu. Tena, wamama wa hapo walituambia kwamba jioni kuna wanaume wanaokaa mle ndani, na njia ya wasichana wanaokwenda kuchota maji inapita karibu kabisa. Wameomba milango ifungwe kwa waya. Bado wanangoja jibu.

Kuhusu ule muhogo, mtusamehe, lakini tuseme. Wagoni iliyobeba mafuta ya gari au madini si mahali pa kuanika chakula, hata mvua ikiiosha miaka kumi. Mkeka unatosha.

Wapo wanaosema zikatwe, ziuzwe kama vyuma. Sisi hatukubali haraka hivyo. Tatu bado zina paa nzima, na kikundi cha wamama wauza mahindi kingeweza kuomba moja iwe depo, kwa barua na muhuri, maana wagoni ina mwenyewe hata kama imelala. Mwenye mashine ya kukata chuma usiku si mwenyewe.

Na treni inayotembea bado, msiwaache vijana wapande juu ya mizigo. Mwezi wa Septemba 2019, treni ya mizigo ilianguka Mayibaridi, hapa katika jimbo letu la Tanganyika, na watu waliokuwa wamepanda walikufa.

Vikundi vya Niemba, Nyunzu na Kabalo: kama kwenu pia kuna wagoni zilizoachwa, mtuandikie. Ziko ngapi, milango inafungwa au haifungwi, watoto wanapita wapi kwenda shuleni. Tutazipeleka barua zote pamoja na ile ya wamama wa Kalemie, siyo moja moja.