Jinsi virusi vya udongoni vilivyogeuzwa silaha dhidi ya bakteria sugu

MWISHONI mwa 2017, madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street jijini London walikuwa wamefika mwisho wa maarifa yao. Kijana mmoja wa kike, aliyezaliwa na maradhi ya kurithi yanayojaza mapafu makohozi mazito, alikuwa amebadilishiwa mapafu yote mawili. Upasuaji ulifaulu, lakini bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus, aliyekuwa amemsumbua kwa miaka mingi, akarejea kwa kishindo. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa akimeza dawa za kupunguza kinga ya mwili ili asiyakatae mapafu mapya, bakteria huyo alipata mwanya. Kidonda cha upasuaji kikashambuliwa, ini likaathirika na vinundu vikaota kwenye ngozi.

Antibiotiki zilizokuwepo hazikufua dafu. Ndipo ombi la msaada lilipovuka bahari ya Atlantiki hadi katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, kwa Profesa Graham Hatfull. Huyu si daktari wa kutibu wagonjwa. Ni mwanabiolojia wa molekuli, mzaliwa wa Uingereza, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa akichunguza jambo ambalo wengi wangeliona halina faida ya haraka: virusi vinavyoshambulia bakteria, na vipande vya DNA vinavyohama kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Jinsi uchunguzi huo ulivyoishia kando ya kitanda cha mgonjwa ni kisa kinachostahili kuelezwa hatua kwa hatua.

Adui wa adui

Watu wengi wasikiapo neno virusi hukumbuka Ukimwi, homa ya mafua au Covid-19. Hata hivyo, virusi vilivyo vingi zaidi duniani havina haja na binadamu. Windo lao ni bakteria. Wataalamu huviita bakteriofaji, au faji kwa ufupi. Viligunduliwa na Frederick Twort wa Uingereza mnamo 1915, na tena na Felix d'Herelle nchini Ufaransa mnamo 1917. Vimo katika udongo, mito, bahari, samadi na hata matumboni mwetu. Makadirio ya wanasayansi ni kwamba idadi yake duniani ni tarakimu 1 ikifuatwa na sufuri 31.

Faji huwa na DNA iliyofungwa ndani ya kichwa kidogo, na mara nyingi mkia wa kujishikiza kwenye ngozi ya bakteria. Kikishajishika, hudunga DNA yake ndani. Kuanzia hapo kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya uharibifu. DNA ya faji huteka mitambo ya bakteria na kuilazimisha itengeneze faji wapya. Muda si muda bakteria hupasuka, na faji kadhaa hutoka kwenda kutafuta windo jingine.

Njia ya pili ni ya ujanja. Badala ya kuua, faji hukata DNA ya bakteria, hujipachika katikati na kujifunga humo. Bakteria huendelea kuishi na kuzaana akimbeba mgeni huyo, naye hurithishwa kizazi hadi kizazi. Kinachomfanya mgeni anyamaze ni jeni moja inayozalisha protini ya kizuizi, mithili ya kufuli mlangoni.

DNA inayohama

Tabia hiyo ya kujipachika ndiyo inayoziunganisha faji na habari pana ya DNA inayohama. Aliyefungua ukurasa huo ni Barbara McClintock wa Marekani. Katika miaka ya 1940, akichunguza rangi za punje za mahindi, alibaini kwamba baadhi ya jeni hazikai mahali pamoja. Wengi hawakuuthamini uvumbuzi huo hadi vipande vya aina hiyo vilipopatikana ndani ya bakteria miaka mingi baadaye. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 1983.

Kwa afya ya umma, DNA inayohama si jambo la maabara pekee. Mwaka wa 1959, watafiti wa Japani walionyesha kwamba bakteria wa kuhara damu waliweza kuwapa wenzao uwezo wa kustahimili dawa kadhaa kwa mpigo. Jeni za usugu husafiri kwa kupanda vipande hivyo vinavyohama, kama abiria ndani ya matatu. Aidha, faji wenyewe waweza kubeba mizigo ya hatari. Mwaka wa 1996 ilithibitishwa kwamba jeni za sumu inayosababisha kuhara katika kipindupindu huletwa kwa bakteria na faji.

Hatfull aliingia katika uwanja huu kupitia mlango huo wa DNA inayohama. Baada ya kupata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikwenda Yale kufanya kazi na Nigel Grindley. Huko alichunguza kimeng'enya cha kipande kimoja kinachohama. Kipande hicho kinapojinakili kutoka DNA moja hadi nyingine, DNA hizo mbili hubaki zimeungana. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kukata mahali maalumu na kuunga upya, ili kila moja iende zake.

Maarifa hayo ya kukata na kuunga ndiyo aliyoyabeba alipohamia Pittsburgh mnamo 1988, na kuyaelekeza kwa faji wanaoshambulia jamii ya bakteria ambamo yumo yule wa kifua kikuu.

Kimulimuli ndani ya TB

Mwaka wa 1991, yeye na wenzake, akiwemo William Jacobs wa New York, walieleza jinsi faji aitwaye L5 anavyojipachika katika sehemu moja mahususi ya DNA ya bakteria hao. Kwa kutumia mbinu ya faji huyo, waliunda vyombo vya kuingizia jeni katika bakteria wa TB na wa chanjo ya BCG.

Mwaka wa 1993 wakafanya jambo lililovutia wengi zaidi. Walipachika jeni ya mdudu kimulimuli ndani ya faji, kisha faji huyo akaachiliwa kwa bakteria wa TB. Bakteria aliye hai aliwaka. Alipopewa dawa inayomuua, mwanga ulizimika. Aliye sugu aliendelea kuwaka. Hivyo ikawezekana kutambua usugu wa dawa kwa siku chache badala ya kungoja wiki nyingi bakteria wakue kwenye chupa.

Sambamba na hayo, Hatfull aliwageuza wanafunzi kuwa wawindaji wa faji. Mradi ulioenea katika vyuo vingi tangu 2008, kwa ufadhili wa Taasisi ya Matibabu ya Howard Hughes, huwatuma vijana wa mwaka wa kwanza kuchota udongo, kutafuta faji mpya, kumpa jina na kusoma DNA yake. Hazina iliyopatikana ni zaidi ya faji 10,000, waliohifadhiwa katika majokofu.

Biringanya la Durban

Ombi kutoka London lilipofika, hazina hiyo ndiyo iliyopekuliwa. Sampuli za bakteria wa vijana wawili waliokuwa katika hali hiyo zilitumwa Pittsburgh. Mmoja wao aliaga dunia kabla tiba haijapatikana. Kwa bakteria wa yule wa pili, faji watatu walionyesha matumaini.

Wa kwanza, aitwaye Muddy, alikuwa amepatikana mnamo 2010 mjini Durban, Afrika Kusini, kwenye biringanya lililokuwa likioza. Huyu aliua bakteria bila kusita. Wengine wawili, BPs na ZoeJ, walikuwa wa ile njia ya ujanja: mara nyingine waliua, mara nyingine walijificha ndani ya DNA. Faji anayejificha hafai kuwa dawa, kwani bakteria aliyemhifadhi huwa salama dhidi ya wenzake wa aina hiyo.

Hapa ndipo miaka ya utafiti wa DNA inayohama ilipozaa matunda. Kwa kuwa wataalamu walijua ni jeni gani inayofanya kazi ya kufuli, waliiondoa. Faji waliokuwa wakijificha wakabaki na njia moja tu, kuua.

Mnamo Juni 2018, mgonjwa alianza kudungwa mchanganyiko wa faji hao watatu mshipani, mara mbili kwa siku. Kila dozi ilikuwa na faji bilioni moja. Hakupatwa na madhara makubwa. Katika miezi iliyofuata kidonda kilianza kuziba, ini likaimarika na vinundu vingi vikatoweka. Hakuwa amepona kabisa, lakini alitoka hospitalini na kurejea kwao. Taarifa hiyo ilichapishwa Mei 2019, ikiwa ya kwanza kueleza matumizi ya faji waliobadilishwa jeni kwa binadamu.

Bado si mwarobaini

Ingekuwa kosa kudhani kwamba dawa ya kila ugonjwa imepatikana. Mwaka wa 2022, Hatfull na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 20 waliotibiwa kwa faji dhidi ya bakteria wa jamii hiyo. Kati yao, 11 walionyesha nafuu. Katika wagonjwa wanane, miili yao ilizalisha kingamwili zilizowashambulia faji wenyewe, na kwa wanne kati ya hao huenda ndiyo sababu tiba haikufanikiwa.

Isitoshe, faji ni mteuzi mno. Anayeua bakteria wa mgonjwa mmoja aweza kushindwa na wa mwingine, ingawa bakteria hao ni wa jina moja. Dawa ya aina hii haiwezi kununuliwa dukani kama vidonge vya maumivu ya kichwa. Pia wagonjwa hao 20 walitibiwa kwa kibali maalumu baada ya njia nyingine kushindikana, si katika majaribio yenye kundi la kulinganisha.

Kwa TB hali ina matumaini ya namna yake, kwa sababu bakteria wake hawatofautiani sana kutoka nchi hadi nchi. Mwaka wa 2021, maabara ya Hatfull ilieleza mchanganyiko wa faji watano unaoweza kuua aina mbalimbali za bakteria hao. Hata hivyo, hayo yalifanyika katika chupa za maabara. Ndani ya mwili, bakteria wa TB hujificha katika seli za binadamu, na haijathibitishwa kwamba faji wanaweza kuwafikia humo.

Swali hilo lina uzito hapa nyumbani. Kenya ilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2021 hadi 2025 ya mataifa 30 yenye mzigo mkubwa wa TB. Kwa mujibu wa WHO, ugonjwa huo uliwaua watu milioni 1.25 duniani mwaka wa 2023. Nao utafiti uliochapishwa mnamo 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 mwaka wa 2019.

Kwa hivyo, mgonjwa aliyeandikiwa antibiotiki bado anapaswa kumaliza dozi alivyoelekezwa, na asiyeandikiwa asizinunue kwa kubahatisha. Faji hawajachukua nafasi ya dawa hizo. Walichokifanya ni kuonyesha kwamba pale dawa zinaposhindwa, jibu laweza kuwa limelala kwenye udongo, au chini ya biringanya lililotupwa, likimsubiri mtu mwenye subira ya kulichunguza kabla halijahitajika.