Mti, Mtu na Elektrodi 22

Msomaji wetu wa Morogoro ameandika kuhusu mumewe, mwalimu mstaafu aliyepoteza usikivu baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Mwalimu amepandikizwa kifaa cha usikivu, kimewashwa wiki chache zilizopita, na furaha ya siku ile imeanza kuchuja. “Anasema mimi na wajukuu wote tunalia kama vifaranga,” anaandika. “Hatofautishi sauti yangu na ya mtoto wa darasa la pili. Sufuria ikianguka anashika kichwa. Na hospitali wanamwita arudi tena na tena kukirekebisha. Je, tumepewa kifaa kibovu?”

Hapana, mama. Vifaranga hao ni wa kawaida kabisa, na sababu ya kusikika kwao ni tamu kiasi kwamba nimeipa ukurasa mzima.

Habari za upasuaji nitaziruka. Ni kazi ya saa chache, Hospitali ya Taifa Muhimbili inaifanya tangu 2017, na wapenzi wa visu watazisoma kwingine. Itoshe kusema kwamba nyuma ya sikio mwalimu huvaa prosesa yenye maikrofoni, iliyoshikwa na sumaku juu ya ngozi. Prosesa hurusha taarifa kwenye sehemu iliyofichwa chini ya ngozi, na kutoka hapo waya mwembamba umeingizwa kwenye koklea ukiwa na elektrodi kati ya 12 na 22, kutegemea mtengenezaji. Tuseme wa mwalimu una 22. Shime sikio, kile kifaa cha kawaida cha kuvaa sikioni, hukuza sauti na kuliachia sikio limalizie kazi. Kifaa hiki hulipita sikio na kuichokoza neva moja kwa moja kwa umeme.

Sasa tuingie kwenye koklea. Ni mrija uliojizungusha mara mbili na nusu hivi, ambao ukinyooshwa unafika kama milimita 35. Ndani yake umetandazwa utando ambao mlangoni ni mwembamba na umekazwa, na kadiri unavyoelekea kileleni unapanuka na kulegea. Kwa hiyo sauti nyembamba huutikisa karibu na mlango, na sauti nene husafiri hadi ndani kabisa. Georg von Békésy aliyachunguza mawimbi hayo kwenye masikio ya maiti, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Maana yake ni kwamba kila sauti ina mahali pake, na ubongo hujua unene wa sauti kwa kuangalia ni nyuzi zipi za neva zimeamka.

Ichukue kanuni, ile ala ya taarab asilia inayolazwa mapajani, nyuzi sabini na ushee zimepangwa kuanzia nene hadi nyembamba. Neva ya usikivu ni kanuni yenye nyuzi kama 30,000, zilizopangwa kwa utaratibu huohuo. Mpiga kanuni huvaa kucha vidoleni ili audonoe uzi mmoja bila kuugusa jirani yake. Sikio nalo lina kucha zake, ndizo seli za vinyweleo za safu ya ndani, zipatazo 3,500. Ugonjwa ulizing’oa kucha za mwalimu. Nyuzi nyingi zimebaki, ila hakuna wa kuzidonoa.

Kifaa kinamletea mpigaji mwingine. Ana vidole 22, na kila kidole kimevishwa glavu ya bondia.

Glavu zinatokana na maji. Koklea imejaa majimaji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa ukarimu mno. Elektrodi ikitoa mkondo, mkondo hausimami mbele ya nyuzi zake. Unatapakaa kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Hapo uzi mmoja haudonolewi, kundi zima linapigwa konde. Na glavu mbili zinazokaribiana zikipiga kwa pamoja, mikondo yake hukutana katikati na kujumlishana, na nyuzi zilizopo hapo hupokea fujo ambayo hakuna aliyekusudia kuipiga. Baadhi ya vifaa vya zamani vyenye elektrodi nyingi vilikuwa na tatizo hilo hasa, vikipeleka mikondo yote kwa wakati mmoja.

Dawa yake ilichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Nature na Blake Wilson na wenzake wa North Carolina, Marekani, na mpaka leo nikiisoma nacheka kwa raha. Zamu! Glavu ya kwanza ipige, iinuke. Ndipo ya pili ipige, iinuke. Ya tatu, ya nne, mpaka mwisho, kisha tena. Zisipige mbili kwa pamoja hata mara moja. Pigo lenyewe ni fupi kuliko sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na kila elektrodi huweza kupata zamu mamia ya mara kwa sekunde, kwa hiyo msikilizaji haoni foleni. Anasikia sauti moja inayotiririka. Sauti ya “a” inapanda, elektrodi zake zinapiga kwa nguvu zaidi; inashuka, zinapiga kwa upole. Uzuri wa jaribio lile ni kwamba waliojaribiwa walikuwa na elektrodi zilezile kichwani mwao. Hakuna aliyerudishwa chumba cha upasuaji. Kilichobadilishwa ni mtindo wa kupiga tu, na watu walewale wakaelewa maneno mengi zaidi. Mwaka 2013 Wilson alipewa Tuzo ya Lasker pamoja na Graeme Clark wa Australia na Ingeborg Hochmair wa Austria, na sidhani kama kuna aliyenung’unika.

Mpigaji akishajua zamu, lazima ajue nguvu. Hiyo ndiyo kazi inayomwita mwalimu kliniki. Mtaalamu wa usikivu huunganisha prosesa na kompyuta, halafu hupeleka mlio mdogo kwenye elektrodi moja: ti, ti, ti. Mgonjwa anainua mkono mara tu anapousikia kwa mbali. Kisha mtaalamu anaongeza mkondo kidogokidogo mpaka mgonjwa aseme: “Hapo ni kubwa, ukizidisha utaniumiza.” Wanaandika namba mbili, wanahamia elektrodi inayofuata.

Kliniki namba hizo hutajwa kwa herufi za Kiingereza, T na C. Mimi nataka maneno. Ile ya chini ni kizingiti, na hapo hatuna ugomvi. Ile ya juu nimeona ikiitwa “kiwango cha starehe”, lakini starehe inaniletea viti, muziki na vinywaji baridi, ilhali mgonjwa hapo yuko ukingoni kabisa. Naandika kikomo, na nitaendelea kuandika kikomo.

Kati ya kizingiti na kikomo nafasi ni finyu kuliko unavyodhani. Kwa sikio zima, shinikizo la sauti inayoanza kuumiza ni kama mara milioni moja ya ile ndogo kabisa inayosikika. Kwa umeme, kutoka “nasikia kwa mbali” hadi “basi, basi” mkondo unaongezeka mara mbili au tatu, sana sana mara kumi. Mnong’ono wa mjukuu na mfuniko wa sufuria vyote vinapaswa kubanwa humo. Kikomo kikiwekwa juu kidogo tu kuliko inavyofaa, hasa kwenye elektrodi za sauti nyembamba ambako kelele za vyuma hukaa, mwalimu anashika kichwa. Kikishushwa mno, dunia inafifia na maneno yanakosa makali.

Na namba hizo hazitulii. Baada ya upasuaji tishu hujengeka kuzunguka waya, na njia ya umeme hubadilika. Ubongo uliokaa kimya nao huanza kuvumilia sauti kubwa zaidi wiki baada ya wiki. Ndiyo maana miadi hupangwa karibukaribu miezi ya mwanzo, kisha huachana mpaka ikawa kama mara moja kwa mwaka. Wakati mwingine elektrodi moja inachokoza neva ya uso na shavu linarukaruka; mtaalamu huipunguza au kuizima, na mwalimu anabaki na 21. Kwa mtoto mchanga asiyeweza kuinua mkono, kifaa chenyewe kinaweza kupima jinsi neva inavyoitikia, na namba zikaanzia hapo.

Sasa vifaranga. Waya mara nyingi hauingii mpaka kileleni mwa koklea, kwa hiyo mpigaji wetu amekaa upande mmoja wa kanuni na mikono yake haifiki kwenye nyuzi nene za mwisho. Lakini sauti nene ya mwanamume inapoingia, lazima apige kitu. Anapiga uzi wa ndani kabisa anaoufikia, ambao kwa miaka yote ya maisha ya mwalimu ulikuwa uzi wa sauti nyembamba zaidi. Wimbo mzima umesogezwa juu. Mke, wajukuu, imamu na mtangazaji wa redio, wote wamepandishwa kwa pamoja.

Kinachotokea baadaye ndicho kinachonifanya niuheshimu ubongo. Mwaka 2007 Lina Reiss na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa walieleza habari za watu waliopandikizwa waya mfupi huku wakibaki na usikivu wa asili wa sauti nene. Watu hao waliweza kulinganisha: elektrodi hii inalingana na mlio upi? Kadiri miezi ilivyopita jibu lilihama, na kwa baadhi yao lilishuka hadi oktava mbili. Elektrodi haikusogea hata kidogo. Msikilizaji ndiye aliyekubali kwamba uzi ule, kuanzia sasa, ni uzi mnene. Kwa hiyo kazi imegawanywa: kompyuta ya kliniki inasogeza upande wake, ubongo unasogea upande wake, na ubongo husogea pale tu unapopewa sauti. Kifaa kinachokaa kabatini kwa sababu ya vifaranga kitakuwa na vifaranga mwakani.

Nyumbani, basi, kivaliwe kutwa, kivuliwe wakati wa kulala na kuoga. Kikaushwe jasho usiku. Asome gazeti huku mtu akimsomea taarifa ileile kwa sauti, kisha ahamie redioni. Muziki utachelewa, na kwa wengine hauji vizuri. Waliokaa viziwi muda mrefu hupata kidogo kuliko wengine. Watoto waliozaliwa viziwi hufaidika zaidi wakipandikizwa mapema, kabla ya miaka mitatu hivi. Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Mchina akikosa kupanda na kushuka kwa sauti anakosa neno, sisi tunakosa zaidi mkazo, na wanaochanganya barabara ya lami na “barabara” ya kukubali kitu hawatapotea sana.

Kuna jaribio la kufanya kila asubuhi. Daniel Ling, aliyefundisha watoto viziwi huko Kanada, alichagua sauti sita zinazogusa eneo lote la usemi, kuanzia nene hadi nyembamba: m, u, a, i, sh, s. Zote zimo kwenye Kiswahili. Simama nyuma ya mwalimu, zitamke bila mpangilio, naye arudie.

Kisha mwambie “mti”, mwambie “mtu”. Sauti i na u zina nguvu mahali pamoja, karibu na Hz 300, na zinaachana juu: i ina nguvu nyingine kupita Hz 2,000, u inayo chini ya Hz 1,000. Akisikia “mtu” mara zote mbili, huenda elektrodi za kule juu zinapiga kwa unyonge. Liandike hilo kwenye daftari, pamoja na sufuria, na siku ya miadi mkabidhi mtaalamu daftari. Ukimwambia “sauti ni mbaya”, atabaki kubahatisha elektrodi zote 22. Ukimwambia “mti unakuwa mtu, na vyuma vinamuumiza”, anajua aanzie wapi.