Ampli ya Sinema: Tazama Kwanza Mgongo Wake

Watu wengi wakienda kununua chombo cha muziki hutazama uso wake: taa zake, vitufe vyake, na jina la kiwanda lililoandikwa kwa herufi za fedha. Mimi nami nilifanya hivyo hivyo siku ile niliposimama bandarini hapa Kalemie, mbele ya kasha lililoshushwa kutoka katika meli ya Kigoma. Ndani yake mlikuwamo ampli nyeusi, nzito kama mtoto wa miaka miwili, iliyokwisha kutumika huko Japani. Muuzaji akaniambia kwamba ampli hiyo huendesha bafle tano pamoja na ya sita ya besi, kama sinema kamili. Alisema kweli. Lakini hakuna aliyeigeuza kusoma mgongo wake, wala yeye, wala mimi ambaye kazi yangu ni kuwafundisha watoto kusoma.

Mgongoni paliandikwa volti 100. Umeme wa nyumba zetu ni volti 220.

Jioni ile nilipochomeka waya ukutani, taa iliwaka kitambo kidogo, ukasikika mvumo kama wa nyuki mzingani, kisha mlio mmoja, na harufu ya kuungua ikajaa nyumba. Watoto waliokuwa wameketi mkekani wakingoja sinema walitoka mbio. Mama watoto hakusema neno. Fedha ile ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mabati ya jiko, naye alikuwa amekubali kungoja mwaka mmoja zaidi, apate kunifurahisha.

Basi, msomaji, jambo la kwanza ni hili. Japani hutumia volti 100, Marekani 120, na Ulaya 230 ambazo zapatana na zetu. Vyombo vilivyotumika huko hufika kwetu kwa njia ya Dar es Salaam na Kigoma, au kwa njia ya Dubai, vyote vikifanana kwa sura. Geuza chombo, usome. Ukikuta 220, au 220 hadi 240, waweza kukichomeka. Ukikuta 100 au 120, yakupasa kununua transfoma ya kupunguza nguvu, tena iliyo kubwa kuliko mahitaji: chombo kilichoandikwa wati 300 kipe transfoma ya wati 500, la sivyo itapata moto kama jiwe la mafiga. Fundi aliyenitengenezea ampli alibadilisha fiuzi na vipande viwili vilivyokuwa vimevimba, akaniambia kwamba nimebahatika. Pesa za fundi na za transfoma, tukizijumlisha, zingalitosha mabati mengine.

Kumbe, dhambi ya volti ilikuwa na ndugu yake. Redio iliyomo ndani ya vyombo vya Japani vya zamani husikia mawimbi ya FM kutoka 76 hadi 90 tu, kwa kuwa ndivyo walivyojipangia kwao, hali sisi twatumia 88 hadi 108. Tangu mwaka 2002, Radio Okapi ilipoanza, watu wa kwetu wamezoea kusikia habari za nchi kwa FM. Stesheni yo yote iliyo juu ya 90, ampli yangu haiijui hata kwa jina. Kwa hiyo sebuleni petu pana mashini ya fahari iliyo bubu mbele ya habari, na juu yake redio ndogo ya betri izisemayo zote. Wageni hucheka, nasi tumezoea.

Wanaojua Kiingereza huita chombo hiki resiva, yaani kipokezi, kwa sababu tangu zamani kilikuwa na redio na ampli katika sanduku moja. Siku hizi kazi yake kubwa ni nyingine. Hupokea sauti ya filamu iliyokwisha kugawanywa mafungu sita, kisha hupeleka kila fungu kwa bafle yake: mbili za mbele kuume na kushoto, moja ya katikati, mbili za pembeni nyuma kidogo ya wasikilizaji, na moja ya besi. Ugawaji huu wa mafungu sita kwa njia ya kidijitali uliingia katika sinema za Marekani mwaka 1992 kwa ufundi wa Dolby, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1965 na Ray Dolby.

Bafle ya katikati ndiyo ya thamani kuliko zote, nayo ndiyo watu waiachayo. Maneno ya wachezaji, karibu yote, hutoka humo. Nilimwona mtu mmoja aliyeiuza bafle hiyo kwa kuwa ilikuwa ndogo isiyopendeza macho, lakini hakuiambia ampli kwamba haipo. Akalalamika mwezi mzima kwamba filamu zina mizinga na magari lakini watu wake hawasemi. Palepale katika orodha ya matengenezo pana mahali pa kuandika bafle zipi zipo na zipi hazipo. Ukiandika kwamba ya katikati haipo, maneno hugawanywa kwa zile mbili za mbele. Nawe uliye nayo, ukiona maneno hafifu na mizinga mikubwa, ipandishe yenyewe desibeli tatu, ukaache mengine yote yalivyo.

Nyumbani kwangu jambo hili si mchezo. Bibi wa watoto hasikii vema, na Kifaransa cha filamu hukijua nusu. Mjukuu wake wa darasa la sita hukaa karibu naye akimtafsiria. Maneno yakizama katika mizinga, mtoto hubuni, na bibi hupata hadithi isiyokuwapo. Tangu siku niliyoipandisha bafle ya katikati, ugomvi wao umepungua nusu.

Sasa umeme wetu. Wa Kalemie hutoka katika maporomoko ya mto Kyimbi, huko Bendera, zaidi ya kilometa 100 upande wa kaskazini. Umeme uliosafiri njia ndefu hivi, kisha ukagawanywa kwa nyumba nyingi saa ya chakula cha jioni, waweza kushuka. Na ukikatika, hurudi kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kiuacho. Weka kisawazisha umeme, kile mafundi wakiitacho regilateri, chenye kungoja dakika chache kabla ya kuruhusu nguvu kupita. Taa za mji zikizimika, chomoa waya ukutani, ungoje.

Mwenye jua na betri naye apige hesabu. Ampli hunywa yapata wati 50 hata ikicheza kwa sauti ya chini, na televisheni tuseme 60. Kwa saa tano ni 550. Betri ya volti 12 na ampea 100 ina 1,200, lakini betri ya risasi haifai kunyonywa kupita nusu, isije ikafa mapema. Filamu mbili zimekwisha kuimaliza, na taa ya mtoto anayejiandaa kwa mtihani bado haijahesabiwa. Tena mashini ya bei nafuu ya kugeuza umeme wa betri hutoa umeme mkavu unaofanya transfoma ivume.

Chombo hiki huwa na joto. Usikifunike kwa kitambaa cha kufuma, ijapokuwa mama watoto apenda kukipamba. Juu yake acha nafasi wazi ya shubiri moja. Mende hupenda mahali penye joto. Mwezi kwa mwezi mimi hupiga vumbi kwa brashi laini, waya ukiwa umechomolewa.

Yako pia mambo ya jamaa. Mwenye ampli hana ampli yake peke yake. Ndoa ikija, huazimwa. Matanga yakija, huazimwa. Kijana mmoja wa ukoo aliichukua kwa arusi, akaunganisha bafle mbili za baa juu ya zile zilizokuwapo, kwa waya ule ule. Bafle mbili za ohmu nane zikiunganishwa pamoja hivyo huwa kama moja ya ohmu nne, na ampli hulazimishwa kutoa mara mbili. Kabla ya keki kukatwa ikajizima yenyewe kwa kujilinda. Tangu siku ile naiazima pamoja na mimi mwenyewe.

Kijana huyo alitaka kelele, lakini wati hazileti kelele kama watu wadhanivyo. Ukiongeza nguvu mara mbili umepata desibeli tatu tu, ambazo sikio hulitambua ongezeko lake kidogo. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili, yahitaji nguvu mara kumi hivi. Na sikio lina mpaka. Shirika la Afya Duniani lasema sauti ya desibeli 80 yafaa saa 40 kwa juma; ikifika 90, saa nne tu.

Jirani naye ana haki yake. Sauti ya besi, yenye mitetemo 40 kwa sekunde, ina wimbi la meta nane na nusu hivi, refu kuliko sebule yangu. Ukuta wa matofali haulizuii. Jirani yangu, mzee aliyezoea kulala mapema, alinijia asubuhi moja, akaamkia vizuri, akauliza habari za watoto, kisha akasema, “Mwalimu, jana usiku nilisikia treni ikipita chini ya kitanda changu.” Tangu hapo, saa tatu ya usiku ikipita, bafle ya besi huzimwa, na ampli huwekwa katika hali ya usiku, ambayo hupunguza mizinga na kuinua minong'ono. Karibu kila ampli inayo hali hiyo.

Mabati ya jiko yalipatikana mwaka uliofuata. Novemba ilipokuja, tulikuwa katikati ya filamu, na mvua ikashuka juu ya bati la nyumba na la jiko pamoja. Hakuna bafle iwezayo kushindana na mvua ya ziwa. Niliizima ampli, nikachomoa waya, tukakaa gizani tukisikiliza. Bibi akamwuliza mjukuu wake yule mwanamke wa filamu aliolewa au hakuolewa, naye mtoto akaanza kubuni.