Kivugo Ndani ya Mngurumo: The Adept na Mipaka ya Utanzu wa Majigambo

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zimekaa kwenye mpaka wa lugha. Upande mmoja, Kihangaza na Kishubi vinakaribiana na Kirundi na Kinyarwanda. Upande wa pili, Kizinza kinakaribiana na Kihaya. Ukanda huu wa Maziwa Makuu ndio unaoibeba asili ya istilahi ya kivugo, ambayo katika taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili hutumika sambamba na majigambo. Hata hivyo, katika umbo hilo la Kiswahili kuna mofimu isiyosikika. Kinyarwanda kina icyivugo, kutokana na kwivuga. Kihaya kina ekyebugo, kutokana na okwebuga. Irabu i na e zinazotangulia mizizi hiyo ni viambishi rejeshi, mfano wa -ji- katika kujigamba. Kivugo cha Kiswahili kinasikika kama jambo linalotamkwa tu, ilhali asili yake ni mtu kujitamka.

Tofauti hiyo si ya kimofolojia pekee. Mhakiki anayeikosa -ji- hutafuta utanzu huu katika maneno yaliyonukuliwa, na hapo ndipo kazi kama The Adept inapomshinda. Hii ni albamu ya kwanza ya peke yake ya Mkenya Martin Kanja, ajulikanaye kama Lord Spikeheart, iliyotoka mwaka 2024 chini ya lebo yake, Haekalu. Kabla ya hapo alikuwa mmoja wa wasanii wawili wa kundi la Duma la Nairobi, ambalo albamu yake ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020. Msikilizaji wa Kiswahili huona mnyama mwenye mbio katika jina hilo. Wenyewe walilichukua kutoka Kikuyu, kwa maana ya giza. Muziki wao ulikuwa grindcore, uzao wa punk na metali uliopata sura yake kwa Napalm Death wa Birmingham na albamu yao Scum ya mwaka 1987. Humo sauti ya binadamu huwa mngurumo, na neno humezwa kooni.

Katika The Adept koo hilohilo linaingia kwenye midundo ya hip hop na kukutana na marapa, akiwamo Backxwash, mzaliwa wa Lusaka anayeishi Montreal. Kwamba rapa hujigamba ni jambo lililokwisha kusemwa mno. Lenye uzito zaidi ni kwamba hip hop inampa mngurumaji kile ambacho grindcore haikumdai: nafasi ya mtu mmoja anayesimama na kujitaja. Kanja ameitabaruku albamu kwa mama wa bibi au babu yake, Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023. Kwa uainishaji mkali, kumtukuza mwingine ni sifo, si kivugo. Lakini anayejitaja kwa ukoo wa vita anajigamba pia, na hapa mpaka wa tanzu hizo mbili unakuwa mwembamba kuliko vitabu vinavyoruhusu.

Pingamizi lililo zito ni lile la usikivu: maneno yasiposhikika, kuna matini gani ya kuhakikiwa? Jibu linaweza kuanzia ng'ambo ya Mto Ruvubu, unaopakana na Ngara. Nchini Burundi, mwimbaji wa inanga ya mnong'ono huiondoa sauti kooni kabisa, akabaki na pumzi. Kirundi ni lugha ya toni, na toni isiyoweza kubebwa na mnong'ono hubebwa na nyuzi za ala. Hadhira husikia neno kwa kuunganisha vyanzo viwili. Anayenukuu maneno peke yake huwa amenukuu nusu ya matini.

Mngurumo hufanya kinyume: hauipunguzi sauti bali huizidisha hadi kimo chake kivunjike. Kwa Kiswahili, kisichotofautisha maana za maneno kwa toni, hasara kubwa haiko kwenye kimo bali kwenye konsonanti zinazosagwa na irabu zinazofifia. Manukuu ya vivugo vya namna hii, iwe vya Nairobi au vya kijana wa Biharamulo mwenye simu na mdundo wa kupakua, yatalazimika kuandika pumzi, mkwaruzo na mahali neno lilipokatikia, kando ya neno lenyewe.