Dereva mtarajiwa wa Pujini, umefunga chandarua?

Eti ukimaliza shule utakwenda bara kuendesha malori? Safi! Kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na mpakani foleni huweza kukulaza njiani siku kadhaa. Lakini kuna jambo moja wenzako wa bara hawatakwambia: mwili wako haujaizoea malaria.

Kwa nini? Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2003, vikafuata vyandarua vyenye dawa, na malaria ikashuka sana. Huenda wewe hujaugua hata mara moja. Sasa, kinga ya malaria, tena si kamili, hujengwa na kuambukizwa mara kwa mara. Dereva aliyekulia Morogoro anayo kiasi. Wewe huna, kwa hiyo ukiugua unaweza kuzidiwa upesi.

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, lori likiwa limeegeshwa na madirisha wazi kwa ajili ya joto. Funga chandarua humo humo ndani. Kulala juu ya turubai? Hapana, bwana!

Mchana ukisimama, shuka utembee. Kukaa saa nyingi huweza kugandisha damu miguuni. Kondomu pia iwemo mkobani.

Ukirudi Pujini kwa Idi na homa, usiseme "uchovu wa boti". Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, useme ulikuwa bara. Watakutoboa kidole tu. Ukichelewa, mbu wa hapa atakuuma wewe, kisha baadaye amuume mdogo wako.