Tisa Desemba Uani, Mwananyamala
Sikukuu za Taifa na Jamaa Zetu: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita makala haya yaliifuatilia Saba Saba, kutoka siku chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954 hadi kuwa msimu wa maonesho ya biashara. Leo ni zamu ya Desemba 9, siku Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Itatazamwa kutoka uani kwa watu, Mwananyamala, wilayani Kinondoni.

Asubuhi ya siku hiyo, mtu akikata vichochoro vya Komakoma, Msisiri au Kwa Kopa, hakosi kukuta turubai limefungwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, viti vya plastiki vya kukodi vikishushwa kwenye guta, na kina mama wawili watatu wamekaa kwenye vigoda wakimenya vitunguu. Mgeni atadhani kuna harusi au arobaini, kumbe ni kikao cha ukoo. Joto la Desemba ni kali, jasho halikauki, na mvua ya vuli inaweza kushuka wakati wowote, kwa hiyo turubai lina kazi mbili.

Kwa nini tarehe hii na si nyingine? Sababu ya kwanza ni nafasi. Ofisi zimefungwa, shule ziko likizo, na nauli bado hazijapanda kama zinavyopanda wiki ya Krismasi. Jamaa wa Morogoro na Dodoma wanapanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Wa Tanga na Moshi wanashukia Mbezi Luis, Kituo cha Magufuli, kisha wanaungaunga daladala hadi Makumbusho.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na haisemwi sana. Familia za Kinondoni zimechanganyika. Baba ni Mzaramo Mwislamu, mama mdogo kaolewa na Mchaga Mlutheri, mjomba kaoa Mhaya Mkatoliki, na wajukuu wamegawanyika kati ya madrasa na kipaimara. Idi ina wenyewe na Krismasi ina wenyewe. Upande mmoja huwa mwenyeji, upande wa pili ukaalikwa. Desemba 9 haina mwalikwa. Mzee wa Kiislamu anaanza kwa dua ya kuwarehemu waliotangulia, shemeji Mkristo anafuatia na sala yake, wote wanaitikia amina, kisha shughuli inaanza. Mwandishi wa makala haya anaamini hilo ni moja ya matunda makubwa ya uhuru, ingawa hakuna hotuba ya serikali iliyolihesabu.

Wala uani si mahali pageni kwa siku hii, maana harakati za uhuru zenyewe zilipita humo humo. Mwaka 1955 John Hatch, ofisa wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam na kuwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Aliyepewa kazi ya kuwakusanya alikuwa Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa mji huu wa mwaka 1926, wakati huo akijulikana zaidi kama mwimbaji kinara wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuanzia kwenye majukwaa. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, lelemama na vingine, kwa sababu vikundi hivyo tayari vilikuwa na kila kitu ambacho chama kichanga kinakihitaji: wanachama wanaojuana, viongozi wanaoheshimiwa, sare, michango na desturi ya kuitana. Kiongozi wa ngoma akikata kadi, kundi zima lilimfuata. Mwanahistoria Susan Geiger aliwahoji wanawake hao wakiwa watu wazima, na katika kitabu chake cha mwaka 1997 alionyesha kwamba mchango wao ulikuwa zaidi ya kushangilia. Wao ndio waliokijenga chama mitaani.

Mwalimu Nyerere naye alikuwa mtu wa mitaa hiyo. Nyumba aliyoishi Magomeni, si mbali na Mwananyamala, leo ni makumbusho, na kundi la wajukuu linaweza kwenda na kurudi kabla chakula hakijaiva. Bibi Titi alipita misukosuko baadaye. Alifungwa katika kesi ya uhaini, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972, na jina lake likafifia katika simulizi za taifa kwa miaka mingi. Sasa barabara kubwa inayopita Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake. Wanaoipita ni wengi kuliko wanaomjua.

Turudi uani, maana chakula hakisubiri historia.

Pilau ya watu mia haipikwi kwa kukisia. Mafiga ni matofali, kuni zimepasuliwa tangu jana, na mpishi, mara nyingi shangazi ambaye hakuna anayethubutu kumsahihisha, anaanza na kitunguu. Anakikaanga mpaka kiwe kahawia iliyokoza, kwa kuwa rangi ya pilau ya Pwani hutoka hapo. Kikiwahi kutolewa, pilau inakuwa nyeupe. Kikiungua, inakuwa chungu. Vinafuata kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, kisha binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Nyama iliyokwisha kuchemshwa inaingia, supu inamiminwa, na mchele unatiwa supu inapotokota. Maji yakikaribia kukauka, kuni zinavutwa nje na makaa yanapandishwa juu ya mfuniko: pilau inapaliwa. Kuanzia hapo hakuna ruhusa ya kufunua. Watoto wanazunguka wakingoja ukoko, na kachumbari inakatwa dakika ya mwisho isije ikachuja maji.

Kitu cha pili cha kutazamwa kwa karibu ni daftari. Wiki kadhaa kabla, kamati imeshafungua kundi la WhatsApp, na michango inatumwa kwa simu kwa mweka hazina. Bado kila kitu kinaandikwa kwa kalamu, majina upande mmoja, ahadi na taslimu upande wa pili, na kikaoni kinasomwa kwa sauti. Asiye na kitu hasomwi kwa kuaibishwa. Anaandikiwa kazi ya kuteka maji au kupanga viti. Sare ya khanga inanunuliwa kwa fedha hiyo hiyo, na rangi za bendera hazikosekani: kijani, njano, nyeusi na, tangu Muungano wa 1964, bluu.

Baada ya kula ndipo utambulisho unapoanza. Kila mlango unasimama: watoto wa bibi mkubwa, wajukuu, vitukuu, na siku hizi vilembwe. Wazee husema wanataka vijana wa damu moja wasije wakatukanana kwenye daladala bila kujuana. Halafu yanakuja mambo mazito ya nyumba yenyewe, ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande na ukumbi katikati. Nani anapokea kodi ya wapangaji? Paa litabadilishwa lini? Je, liuzwe lile eneo, au libaki kwa wote? Maghorofa yanaota Kinondoni kila mwaka, na nyumba ya urithi ikishauzwa ukoo unapoteza uwanja wake. Wapo waliohamishia vikao kwenye kumbi za kukodi. Ukumbi una feni, lakini hakuna mtu anayeweza kuonyesha ukutani akasema hapa ndipo mama yenu alipozaliwa.

Sherehe za serikali, kwa upande wake, zimekuwa na mwaka wa kuwepo na mwaka wa kutokuwepo. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliagiza siku itumike kwa usafi wakati kipindupindu kilipokuwa kikisumbua, na shilingi bilioni 4 za sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, ile ile ambayo watu wa Mwananyamala huitumia kila siku. Fedha za 2018 zilikwenda kujenga Hospitali ya Uhuru, Chamwino. Za 2022, kwa agizo la Rais Samia, zilijenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mwaka 2025, baada ya vurugu za uchaguzi za Oktoba 29, sherehe zilifutwa tena na wananchi wakatakiwa kubaki nyumbani. Gwaride linaweza kufutwa kwa tangazo moja. Kikao cha ukoo kinategemea daftari na shangazi.

Kukutanisha ukoo si jambo la kwetu peke yetu. Wamarekani Weusi wana desturi kubwa ya kukutanisha koo wakati wa kiangazi, wengine karibu na Julai 4, na hamu hiyo iliongezeka baada ya kitabu cha Alex Haley, Roots, cha mwaka 1976, kuwafanya wengi waanze kutafuta mababu zao. Wao waliokatwa mizizi kwa nguvu huandika, hupiga picha, huchapisha majina ya marehemu. Sisi ambao wazee wetu bado wamekaa mkekani mbele yetu tunawasha spika.

Spika si kosa. Vijana wapate singeli yao, wazee wapate Msondo na Mlimani Park. Lakini aliyekuwa na miaka kumi usiku ule, bendera ya Uingereza iliposhushwa Uwanja wa Taifa mbele ya Prince Philip na Luteni Alexander Nyirenda akiwa kileleni Kilimanjaro na mwenge, leo amevuka sabini. Kila mjukuu ana simu yenye kinasa sauti. Baada ya pilau na kabla ya muziki, mmoja akae karibu, atoe shikamoo, aulize: babu, usiku ule mlikuwa wapi? Bibi, nani nyumbani alikuwa na kadi ya TANU, na mama yako alicheza ngoma gani? Jibu lihifadhiwe pamoja na jina la msimuliaji, tarehe na mtaa, kwenye kundi lile lile lililokusanya michango, ili mwakani waliokosa treni wasikilize.

Wiki ijayo: Januari 12, Mapinduzi, na namna familia za Unguja na Pemba zinavyoiadhimisha siku hiyo.