Mbwa Mwenye Vidonda na Dawa Zinazoshindwa Kazi

Leo tunazungumza juu ya mbwa wa nyumbani. Pengine utauliza, mbwa anahusianaje na afya ya watoto? Anahusiana sana. Usiku mbwa hulinda boma na ghala la mahindi. Mchana hucheza na watoto.

Mchunguze mbwa wako tumboni, makwapani na mapajani kwa ndani. Ukiona vipele vyenye usaha, magamba ya mviringo, manyoya yaliyonyonyoka na harufu mbaya, huenda ngozi yake imeshambuliwa na bakteria. Bakteria wanaosababisha ugonjwa huu mara nyingi huitwa stafilokokasi. Wao huishi kwenye ngozi ya mbwa mwenye afya bila kumdhuru. Lakini viroboto au upele vikimwasha, hujikuna, ngozi huchubuka, na vijidudu hupata mlango wa kuingilia. Wakati wa mvua, mbwa akilala matopeni, hali huzidi kuwa mbaya.

Je, wengi wetu hufanya nini? Mmoja huchukua amoksilini iliyobaki mtoto alipougua, akaitia kwenye ugali wa mbwa. Mwingine hununua tetrasaiklini kwenye agroveti, akamdunga mbwa siku moja tu. Mwingine humpaka oili chafu ya gari. Mama, oili hiyo ni sumu. Mbwa huilamba ikamdhuru tumboni, na ngozi yake huungua.

Dawa ya kubahatisha nayo ina hatari yake. Dozi ikiwa ndogo au ikikatizwa, bakteria dhaifu hufa na wale wenye nguvu hubaki. Ni kama kupalilia shamba juu juu: magugu mepesi hung'oka, sangari ikabaki na kutawala shamba zima. Bakteria waliobaki huzaana, na siku nyingine dawa ile ile haiwawezi. Huo ndio usugu. Kumbuka, si mwili wa mbwa uliozoea dawa. Ni vijidudu vilivyojifunza kuishinda.

Hapo ndipo mtoto wako anapohusika. Penisilini, amoksilini na tetrasaiklini hutumika kwa wanyama na kwa binadamu pia. Vijidudu sugu vinaweza kutoka kwa mbwa hadi kwa mtu, au kwa mtu hadi kwa mbwa, kwa kushikana au kwa mbwa kulamba kidonda. Haitokei kila siku, lakini ikitokea, jipu la mtoto huwa gumu kutibu.

Onyo hili si jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alionya mwaka wa 1945 kwamba dozi ndogo huwafundisha vijidudu kuishinda dawa. Hapa Kenya, serikali ilitoa sera ya kuzuia usugu wa dawa mwaka wa 2017, ikiwahusisha madaktari wa binadamu na wa mifugo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mwone daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa. Si kila kidonda ni cha bakteria. Choa huletwa na kuvu, na upele huletwa na wadudu wadogo sana. Dawa za kuua bakteria haziponyi hayo. Ikiwa mbwa alitibiwa asipone, uliza kama usaha unaweza kupimwa maabarani.

Pili, uliza kama kumwosha kutatosha. Vidonda vingi vya juu ya ngozi hupona kwa kuoshwa na sabuni yenye klorheksidini. Povu huachwa mwilini dakika 10 hivi kabla ya kusuuzwa.

Tatu, daktari akitoa vidonge, mpe mbwa dozi yote kwa siku zote alizoagiza, hata kama vidonda vimekauka.

Nne, usimpe mbwa dawa za watu. Parasitamoli na ibuprofeni zinaweza kumwua. Wala usiweke masalio ya dawa za mtoto.

Tano, tibu viroboto na upele, na mpe mbwa mahali pakavu pa kulala. Usipofanya hivyo, vidonda vitarudi.

Sita, nawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika. Funika michubuko ya watoto, na wasilale na mbwa mwenye vidonda. Mtoto akipata jipu, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu kwamba nyumbani kuna mbwa mgonjwa.

Usimfukuze mbwa wako, mama. Mtibu ipasavyo, na dawa itabaki na nguvu siku mtoto atakapoihitaji.